Nirudishie Kwanza

Mwaka 1996 sikwenda mazishini. Naanza na hilo kwa sababu mengine niliyoyapitia nimekwisha kuyasimulia mara nyingi: mshahara uliosimama, ndugu yangu aliyevuka bahari usiku, miaka ya kukaa chumba kimoja na mtu nisiyemsemesha. Kila nilipoyasimulia nilionewa huruma. La mazishi nililificha. Sasa nimestaafu, kalamu nyekundu ya kusahihishia madaftari nimeiweka, na nimeona kwamba ushuhuda unaoruka kosa la mwenye kushuhudia ni malalamiko tu.

Mimi ni Mpemba. Kwa zaidi ya miaka thelathini nilisomesha Uraia na Historia katika skuli moja ya sekondari kaskazini mwa kisiwa. Nyumba yetu ilikuwa ya chama cha CUF, kama karibu kila nyumba ya mtaani kwetu. Vyama vingi vilirudi Tanzania mwaka 1992, na Oktoba 1995 tukaingia katika uchaguzi wa kwanza wa mfumo huo. Matokeo ya urais wa Zanzibar yalipotangazwa, Dk. Salmin Amour wa CCM, chama tawala, alikuwa na asilimia 50.2, na Maalim Seif Sharif Hamad wa CUF asilimia 49.8. Kati yao zilikuwapo kura 1,565. Majimbo yote 21 ya Pemba yalikwenda CUF. Unguja, CCM ilichukua 26 katika 29. Sisi tuliamini tumeibiwa, wao waliamini wameshinda, na hapakuwa na jamvi hata moja lililotandikwa ili watu wa pande mbili wakae wayaseme hayo uso kwa uso.

Badala yake watu wakasusiana. Duka la mwenye chama kingine hununui. Gari yake hupandi. Harusi yake huendi. Na la mwisho, lililo zito kuliko yote kwa Muislamu, maiti wake humziki.

Katika chumba chetu cha walimu alikuwapo mwalimu wa Hisabati ambaye ni CCM wa wazi. Hakuwa mgeni. Baba yake, Mungu amrehemu, alikuwa na chuo cha Kurani mtaa wa pili na wetu, na alifu yangu ya kwanza niliisoma mbele ya mzee yule, nimekaa juu ya mkeka wake. Meza yangu na ya mwanawe ziligusana. Mzee alipofariki mwaka 1996, neno lilikuwa limekwisha kupita mtaani: asiende mtu. Nilivaa kanzu, nikakaa kitandani. Nikasikia tahlili ikipita njia ya nyuma ya nyumba, na waliokuwa wakiitikia walikuwa wachache hata niliweza kuzitenga sauti zao moja moja na kujua hii ya nani na ile ya nani. Ilipotoweka, nikavua kanzu.

Baada ya miezi michache mshahara wangu ulisimama. Kulikuja karatasi kutoka ofisi moja iliyosema kuna uhakiki, na uhakiki huo ulichukua miezi saba. Sikuambiwa kosa langu. Mke wangu alikuwa akiamka usiku kukanda unga wa maandazi ya kuuza, na wazazi wa wanafunzi walituletea mihogo na samaki bila ya kusema kitu. Nami niliendelea kusomesha, maana sikujua nifanye nini kingine asubuhi. Moyoni nilikuwa nimekwisha kuhukumu: aliyenisema ni mwenzangu yule wa meza ya pili. Ushahidi sikuwa nao, na wala sikuutafuta. Tangu hapo mazungumzo yetu yakawa ni ya funguo. "Funguo za stoo?" "Zile pale." Miaka mitano.

Siku zile skuli nyingi zilishika kauli moja: siasa haziruhusiwi darasani. Nami niliipenda kauli hiyo. Niliamini kwamba inawakinga watoto, na nilipenda zaidi kwamba inanikinga mimi. Lakini siasa zilikuwa zikiingia kabla ya kengele. Zilikwaruzwa kwa ncha ya bikari juu ya madeski. Zilikuwa chooni, ukutani, kwa mkaa. Watoto wa nyumba za CCM, ambao kwetu walikuwa wachache, walikaa karibu na mlango, na hakuna mwalimu aliyewapanga pale. Kila nyumba iliwapa watoto wake hadithi moja, na skuli, mahali pekee ambapo watoto wa nyumba zote walikutana chini ya paa moja, ndipo palipokatazwa kuzilinganisha hadithi hizo.

Kisha ikaja Januari 2001. Uchaguzi wa Oktoba 2000 ulikuwa umevurugika, na tarehe 27 Januari watu waliandamana kudai urudiwe. Polisi wakafyatua risasi. Wete, Micheweni na Chake Chake kukawa na maiti. Watu zaidi ya 30 waliuawa katika siku zile, na askari polisi naye aliuawa Micheweni. Watu zaidi ya 2,000 walipanda vyombo wakakimbilia Shimoni, pwani ya Kenya. Mdogo wangu alikuwa miongoni mwao. Mama alikaa mlangoni siku nne, hali wala halali, mpaka ilipokuja habari kwamba amefika.

Skuli ilipotulia kidogo, niliingia kidato cha tatu na kitabu changu cha Uraia. Kijana mmoja wa safu ya mbele, mwenye sauti ya chini, aliinua mkono.

"Maalim, kitabu kinasema raia ana haki ya kukusanyika kwa amani na kusema maoni yake. Sasa juzi ilikuwa nini?"

Darasa zima likanyamaza, wa karibu na mlango na wa karibu na dirisha. Ninakumbuka kwamba nilitazama nje kabla ya kumjibu, kuona kama kuna anayepita.

"Siasa haziruhusiwi darasani," nilimwambia. "Fungua ukurasa unaofuata."

Hakuufungua. Alifunga kitabu taratibu, akakiweka juu ya deski, akatoka. Hakurudi tena. Baada ya wiki tulisikia kwamba naye amevuka. Kitabu kilikuwa cha skuli, kwa hiyo alikiacha. Nilikichukua mimi, nikakirudisha stoo, na nilipokuwa nikiomba funguo kwa mwenzangu wa Hisabati mkono wangu ulikuwa ukitetemeka. Aliuona. Hakuuliza.

Tarehe 10 Oktoba 2001 CCM na CUF walitia saini Muafaka wa pili. Wa kwanza ulikuwa wa 1999 na haukutekelezwa, kwa hiyo mtaani wengi waliupokea kwa kutikisa kichwa. Mimi picha ya wakubwa wakipeana mikono ilinikaa kooni. Watu wale walikuwa na sababu kubwa kuliko zangu za kutopeana mikono.

Nilikwenda kwa mwenzangu wa Hisabati baada ya Alasiri. Nilimkuta barazani kwake, anageuza karafuu juu ya jamvi.

"Asalamu alaykum, Maalim."

"Waalaykumu salaam." Hakuinua kichwa.

"Nimekuja kukupa pole ya mzee."

Mikono yake ikasimama. "Mzee amekufa miaka mitano, Maalim."

"Najua. Nimechelewa."

Aliniacha nimesimama kwa muda ambao sikuupima. Kisha akalivuta jamvi la karafuu upande, akanipa nafasi ya kukaa, na akanieleza. Waliolibeba jeneza hawakuwa na wa kuwapokea. Sote tunajua jeneza linavyokwenda kwetu: watu hulikimbilia, kila mmoja akitaka fungu lake la thawabu, na mabega hubadilishana mpaka makaburini. La mzee wake halikubadilishwa bega. "Tulimtua mara mbili njiani," alisema. "Tulimtua chini, Maalim, tukapumua, tukambeba tena. Mzee aliyewasomesha nusu ya mtaa huu. Na wewe ulisoma kwake."

Nikaanza. "Maalim, na wewe unajua hali ilivyokuwa, watu walikuwa wame..."

Aliinua mkono. "Nirudishie kwanza."

"Nini?"

"Nilichokwambia. Kama chuoni. Mzee alikuwa hakupi aya mpya mpaka umrudishie ya jana. Nirudishie yangu sawasawa, kisha utasema yako."

"Umesema watu walikuwa wachache."

"Sikusema hivyo. Nimesema tulimtua mara mbili."

Nikarudisha tena, nikakosea tena, kwa sababu kila nilipofika penye uchungu ulimi wangu uliteleza kwenda kwenye utetezi wangu. Mara ya tatu nilisema yote kama alivyoyasema, na nilipofika kwamba na mimi nilisoma kwake sikuweza kumaliza. Akangoja. "Ndivyo," alisema. "Sasa sema lako."

Langu nilipolitazama lilikuwa limepungua. Yale maelezo niliyokuja nayo yalikuwa yamebaki neno moja, hofu. Nikamwambia hilo. Kisha nikamwambia juu ya ile miezi saba, mke wangu na unga wa usiku, na kwamba nilimdhani yeye. Naye akanirudishia, neno kwa neno, hata maandazi. Akasema hakunisema kwa mtu. Akasema pia jambo ambalo hakulazimika kulisema: kwamba alijua mshahara wangu umesimama, na alikuwa na watu ambao angeweza kuwaendea kuniombea, na hakwenda. "Nilisema moyoni, na yeye hakuja kwetu."

Magharibi iliadhiniwa tungali pale. Hatukukubaliana juu ya kura za 1995, na mpaka leo hatujakubaliana. Lakini kuanzia siku ile nilikuwa na kitu mkononi, na muhula uliofuata nilikiingiza darasani.

Kanuni zilikuwa tatu, nikaziandika pembeni mwa ubao. Ya kwanza: hujibu mpaka umrudishie mwenzako alichosema, naye aseme "ndivyo". Ya pili: ukisema jambo, sema umelipataje, umeliona, umelisoma, au umelisikia. Ya tatu: usimwite mtu kwa jina ambalo yeye mwenyewe hajiiti. Hiyo ya tatu peke yake iliondoa maneno mengi yaliyokuwa yakizagaa wakati ule.

Sikuanza na uchaguzi. Nilianza na karafuu. Sheria ilimtaka mkulima auze karafuu zake kwa shirika la serikali tu, na aliyezipeleka Mombasa alikuwa mtu wa magendo. Kila mtoto wa Pemba amekwisha kulala njaa au kushiba kwa sababu ya bei ya karafuu, kwa hiyo hakuna aliyekosa la kusema. Binti mmoja alisimama akaeleza jinsi magunia ya baba yake yalivyokamatwa usiku ufukweni. Aliyetakiwa kumrudishia ni kijana ambaye baba yake aliajiriwa katika kituo cha kununulia. Alimrudishia mara mbili kabla ya kupata "ndivyo". Kisha naye akasema la kwao: kwamba baba yake hulaaniwa na kila mkulima kwa bei ambayo hakuipanga, na kwamba karafuu zikitoka zote kwa magendo, dawa za hospitali na mishahara ya walimu itatoka wapi? Binti akarudisha. Hawakupatana juu ya sheria. Ila siku ya pili yule kijana hakukaa karibu na mlango.

Mwenzangu wa Hisabati aliingia darasani kwangu wiki ya nne, akaandika ubaoni kura za urais za 1995, 165,271 na 163,706, akawataka watoto watafute tofauti na asilimia. Walipomaliza akauliza swali moja: "Ikiwa nchi imegawika hivi, upande mmoja ukiamua kuishi kana kwamba mwengine haupo, utabaki na nchi kiasi gani?" Hakusema zaidi, akafuta ubao. Nafikiri ulikuwa mwaka wa kwanza watoto wetu kuziona namba zile zimeandikwa na mtu ambaye hakuwa akizipigia kelele.

Kisha nikawapa kazi ya nyumbani: waende kwa wazee wakaulize juu ya zama za siasa, ile miaka ya kati ya uchaguzi wa 1957 na Mapinduzi ya 1964, wakati wa vyama vya Hizbu, Afro-Shirazi na ZPPP. Walirudi na macho makubwa. Bibi mmoja alimwambia mjukuu wake kwamba mwaka 1958 walisusiana maduka, na magari, na mazishi, vile vile. Wengine walisikia juu ya Juni 1961, siku za uchaguzi, watu 68 walipouawa Unguja. Msichana aliyetoka kwa bibi yake alisema, "Maalim, kumbe mambo haya hatukuyaanza sisi. Tumerithi." Nikamuuliza, mtu akirithi deni hufanya nini? Wakabishana juu ya hilo mpaka kengele.

Si wazazi wote waliofurahi. Katika mkutano mmoja baba mmoja alinisimamia akasema namfundisha mwanawe kusema maneno ya maadui. Mama mmoja wa upande wa pili alikuwa na malalamiko hayo hayo, kwa maneno karibu yale yale, na nilipowasikia wote wawili jioni moja nilijua tunakwenda sawa. Nilimrudishia kila mmoja lake. Mmoja alinyamaza, mmoja alimhamisha mwanawe.

Tarehe 5 Novemba 2009 Rais Amani Abeid Karume na Maalim Seif walikutana Ikulu, na yakazaliwa Maridhiano. Tarehe 31 Julai 2010 tulipiga kura ya maoni kuhusu serikali ya umoja wa kitaifa, na asilimia 66.4 wakasema ndiyo. Mtaani kwetu watu walikumbatiana, na uchaguzi wa mwaka ule ulipita kwa utulivu ambao hatukuwahi kuuona. Darasani, kila mtoto alitaka kuzungumzia ushindi. Mimi niliwapa kazi ngumu zaidi: nirudishieni hoja za ile theluthi iliyosema hapana, mpaka mmoja wao, kama angekuwa hapa, aseme "ndivyo". Walijaribu siku mbili. Ninaamini mpaka leo kwamba lile ndilo somo bora nililopata kulisomesha.

Lakini nisikudanganye, msomaji, kwamba tulivuka na ikawa basi. Uchaguzi wa tarehe 25 Oktoba 2015 ulifutwa siku tatu baadaye, ukarudiwa Machi 2016 bila ya CUF kushiriki, na kususiana kukarudi Pemba kama mtu aliyetoka dukani tu. Maduka, gari, mazishi. Miongoni mwa waliosusiana walikuwamo vijana niliowasomesha. Nilikaa usiku mzima nikijiuliza nilikuwa nikifanya nini miaka kumi na nne.

Mwaka huo huo wa 2016 mama yangu alifariki. Mwenzangu wa Hisabati alikuwa wa kwanza kufika, kabla ya maiti kuoshwa. Jeneza lilipoinuliwa alitia bega lake. Ami yangu akasema kwa sauti, mbele ya watu, "Akilishika huyo, sisi tunaliweka." Nilimwendea nikamwambia, "Ami, unasema kwamba mtu wa chama kilichotudhulumu asimbebe mama yetu. Ndivyo?" Akasema, "Ndivyo." Nikamwambia, "Baba yake alitiwa kaburini bila ya bega langu, naye alikuwa mwalimu wangu na wako. Leo sitakuwa na mazishi mengine ya namna ile." Ami akaondoka, na baadhi ya watu wakamfuata. Waliobaki hawakuwa wengi. Ndipo walipojitokeza vijana watano au sita, baadhi wa nyumba za huku na baadhi wa nyumba za kule, wote wa darasa la karafuu. Mmoja alikuwa yule ambaye baba yake alinilalamikia kwenye mkutano. Jeneza lilibadilishwa mabega mpaka makaburini, na halikuwekwa chini njiani.

Ami alirudi siku ya hitima. Hakusema kitu, alikula akaomba dua. Kwetu hilo ni jibu.

Kwa mwalimu atakayesoma haya, popote alipo, nina machache ya kumwambia. Ukiwakataza watoto kusema, hutakuwa umewaletea amani. Utakuwa umewaachia ukuta wa choo uwe mwalimu wao. Anza na jambo linalowagusa tumboni kabla ya kufika kwenye majina ya vyama. Wasomeshe kumrudishia mwenzao maneno yake bila ya kuyapunguza, na wewe mwenyewe uwe wa kwanza, maana watoto wanaona mwalimu anapotazama nje kabla ya kujibu. Wala usiwaahidi kwamba mazungumzo yatachukua nafasi ya haki. Waliouawa mwaka 2001 hawakurudishwa na somo langu, na mshahara wa miezi ile saba sikuwahi kulipwa. Mazungumzo hayalipi deni. Huwafanya wenye deni na wenye kudai waweze kukaa jamvi moja kulihesabu, na bila ya kukaa halihesabiki.

Mimi na mwenzangu sasa sote ni wastaafu. Jioni tunakaa barazani kwake, tunabishana juu ya 2015, na yeye bado ananikatiza: nirudishie kwanza.

Yule kijana wa safu ya mbele sikumwona tena. Nimesikia kwamba yuko Mombasa, na nimesikia kwamba hayuko. Nimesikia tu, sikuona. Ikiwa yuko hai na haya yatamfikia, nataka ajue kwamba swali lake bado liko kwangu, na kwamba leo nisingetazama nje. Ningemrudishia hivi: Umesema kitabu kinampa raia haki ya kukusanyika kwa amani na kusema maoni yake. Umesema juzi watu walikusanyika. Unaniuliza, mimi mwalimu wako, ilikuwa nini.

Ndivyo? Kama nimekosea, nirekebishe. Kama ndivyo, kaa, mwanangu, nianze kukujibu.